Homoni na usafirishaji wa sodiamu katika epithelia
Usafirishaji wa sodiamu kupitia tishu za epithelia, hasa mirija ya figo na utumbo mpana, huongozwa na homoni kadhaa kwa pamoja. Aldosteroni, itokayo tezi za adrenali, huingia ndani ya seli na kuamsha jeni, hivyo athari yake huchelewa kwa saa moja hivi. Vasopresini haina subira: kwa dakika chache tu huongeza chaneli za sodiamu kwenye utando wa seli. Zikikutana katika mirija ya figo ya panya, sodiamu inayofyonzwa huzidi jumla ya kazi ya kila moja peke yake. Homoni itolewayo na moyo huzipinga, ikiifanya figo itoe chumvi. Aliyewezesha kupima mkondo wa sodiamu kupitia epithelia ni Hans Ussing wa Denmark, mwaka 1951, kwa kutumia ngozi ya chura.