Nyumba ya Mawe Chini ya Vilima vya Ngong

Katika mtaa wa Karen, kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi, ipo nyumba ya mawe isiyo na ghorofa, yenye paa la vigae na baraza pana linalotazama vilima vya Ngong. Wenyewe waliiita Mbogani, na leo ni Makumbusho ya Karen Blixen. Wageni wengi huifuata kwa sababu ya mwandishi huyo wa Denmark, lakini nyumba ilikuwapo kabla yake, na ilijengwa kwa ajili ya shamba wala si kwa ajili ya vitabu. Ili kuielewa, inafaa tuanze na reli.

Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Ujenzi wake ulimeza fedha nyingi, na serikali ya Waingereza ilihitaji mizigo ya kuilipia gharama hizo. Iliamua kuwaita walowezi walime mazao ya kuuzwa ng'ambo, na sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ikaipa uwezo wa kuwagawia maeneo makubwa. Sehemu za Ngong na Dagoretti hazikuwa pori lisilo na mwenyewe, kwani ndiko zilikokutana nchi za Wakikuyu na Wamaasai. Hata hivyo, kwa sheria hiyo mashamba yalipimwa na kupewa wageni, na si Waingereza peke yao. Mmoja wao alikuwa mhandisi wa Uswidi, Åke Sjögren, aliyejenga nyumba hii mwaka 1912.

Umbo lake linaeleza zama zake. Waingereza walikuwa wamezoea kujenga nyumba za namna hii India: za chini, zilizotandazwa kwa upana, zenye vyumba vikubwa na baraza la kukinga jua na mvua. Mtindo huo ulihamia Nairobi, ambako mawe ya kuchonga yalipatikana karibu. Kuta za mawe huhifadhi ubaridi mchana, na usiku wa nyanda za juu, ambao huwa na baridi kali, hufanya meko ya ndani kuwa ya lazima. Jiko la kupikia lilijengwa peke yake nyuma ya nyumba kubwa, kama ilivyokuwa desturi ya walowezi, ili moshi, joto na hatari ya moto vikae mbali. Mpangilio huo ulitenganisha pia watu: wenye nyumba walikaa barazani, na wapishi na watumishi walifanya kazi uani.

Karen Blixen aliwasili nchini Januari 1914, akafunga ndoa Mombasa na binamu yake Mswidi, Bror Blixen. Kwanza waliishi katika nyumba nyingine ya jirani. Mwaka 1916 jamaa zake wa Denmark waliunda Kampuni ya Kahawa ya Karen, na mwaka 1917 wawili hao wakahamia Mbogani. Shamba lilikuwa la maelfu ya ekari, lakini kahawa ilichukua takriban ekari 600 tu. Sehemu nyingine ilikaliwa na familia za Wakikuyu, walioitwa maskwota. Waliruhusiwa kulima na kufuga humo kwa sharti la kumfanyia mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka, nao ndio waliopalilia mibuni na kuchuma kahawa.

Kwa nini basi shamba lilifilisika? Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba lilikuwa juu mno, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Sababu hiyo ina uzito, lakini peke yake haitoshi, kwa kuwa Nyeri kahawa hustawi katika mwinuko unaokaribia huo. Tofauti ilikuwa katika mvua, ambayo upande wa Ngong haikutegemeka, na katika udongo wenye asidi nyingi. Juu ya hayo, mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kiliteketea kwa moto, na madeni yakazidi. Bei za dunia zilipoporomoka baada ya mwaka 1929, kampuni haikuwa na akiba ya kuivusha. Mwinuko na ukame vilipunguza mavuno, lakini deni ndilo lililoliua shamba.

Mwaka 1931 kampuni iliuza shamba, na Karen Blixen akarudi Denmark. Kabla ya kuondoka aliiomba serikali isiwatawanye maskwota, nao wakapewa mahali pamoja katika hifadhi ya msitu wa Dagoretti. Mashamba yalikatwa viwanja, na mtaa mpya ukaitwa Karen. Wako wanaosema jina hilo ni la mwandishi, na wako wanaosema ni la binti wa mjomba wake Aage Westenholz, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni. Lililo dhahiri ni kwamba jina hilo tayari lilikuwa la kampuni iliyomiliki ardhi.

Kitabu cha Blixen kuhusu shamba hilo kilitoka mwaka 1937 na kuisambaza sifa ya nyumba. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua na kuipa Kenya kama zawadi ya uhuru, ikatumika kama chuo cha lishe. Filamu iliyotokana na kitabu hicho ilitolewa mwaka 1985, na mwaka uliofuata Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakaifungua nyumba kwa umma. Leo inalindwa kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006.

Nyumba za mawe za aina hii zilijengwa nyingi Nairobi, na nyingi zimebomolewa kupisha maghorofa. Hii ilinusurika kwa sababu ya kitabu na filamu, si kwa ubora wa ujenzi wake. Ukiitembelea, usiishie sebuleni: tazama jiko la nyuma na mitambo chakavu ya kahawa iliyobaki uwanjani, kwa maana historia ya waliofanya kazi hapa imo humo zaidi kuliko katika vyumba vya mwenye nyumba.