Ndagala wa Ziwa Tanganyika: hali yao na uvuvi wao

Ndagala ni samaki mdogo wa jamii ya heringi wa baharini, lakini hukaa maisha yake yote ziwani, katika maji yasiyo na chumvi. Ndugu yake ni lumbu, ambaye watoto wake hukua karibu na pwani. Lumbu ndiye aliyepelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko tunamwita sambaza.

Wavuvi wetu wa Uvira, Baraka na Kalemie hutoka usiku usio na mwezi. Huwasha taa, ndagala hufuata mwanga, kisha wavu huinuliwa kutoka chini.

Ndagala huishi karibu mwaka mmoja tu na huzaa upesi. Hata hivyo wanapungua. Sababu ni mbili. Kwanza, ziwa linapata joto: maji ya juu hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, hivyo chakula cha samaki kinapungua. Pili, wavuvi wameongezeka, na nyavu za matundu madogo, hata vyandarua, hukokota watoto wa samaki pwani.

Mwaka 2024 Congo, Burundi, Tanzania na Zambia zilifunga uvuvi kwa miezi 3, tangu katikati ya Mei. Ziwa lilipumzika, lakini jamaa zinazoishi kwa wavu zilibaki bila mapato. Tunaona kwamba kufunga ziwa ni lazima. Tena ni lazima kumkumbuka mvuvi na mama anayeanika ndagala mchangani.