Kushindilia Ubao: Kutoka Rafadha za Vita hadi Gogo la Mchikichi

Mtu akisikia kwamba ubao dhaifu unaweza kushindiliwa hadi ukawa mgumu, hudhani kinachotakiwa ni mashine yenye nguvu tu. Nikiisoma historia yake, naona kazi ngumu haikuwa kuubana ubao bali kuuzuia usirudi ulivyokuwa.

Ubao ni vijumba vitupu vyenye kuta. Kuta hizo zina uzito wa karibu kilo 1,500 kwa mita ya ujazo, uwe mvule au mchikichi. Kinachotofautiana ni nafasi tupu. Ukibana ubao wa kilo 350 hadi nusu ya unene wake, unapata wa kilo 700. Lakini uloweshe: utavimba na kuirudia hali yake ya zamani.

Vita vya Pili vya Dunia vililazimisha jibu, maana rafadha za ndege zilitaka ubao imara. Katika maabara ya mazao ya misitu huko Madison, Wisconsin, Marekani, zilitengenezwa njia mbili. Compreg ilijaza ubao resini ya fenoli kabla ya kuubana. Staypak haikutumia resini: ubao ulipashwa joto hadi lignini, gundi yake ya asili, ikalegea, kisha ukapozwa ungali umebanwa.

Wale walikuwa na miti mizuri, wakaitaka iwe mizuri zaidi. Mchikichi ni jambo jingine. Haunenepi kwa pete za kila mwaka; ganda la nje ni gumu, kiini ni laini, na nyuzi ngumu zimetawanyika ndani ya nyama laini kama nondo ndani ya zege. Malaysia, ambako michikichi hukatwa ikifika miaka 25 hivi, magogo yalirundikana, na watafiti wakaanza kuyajaribu kwa resini na kwa joto.

Mwaka 2018 watafiti wa Maryland, Marekani, walichemsha ubao wa kawaida katika magadi makali na salfaiti, wakaubana hadi sehemu ya tano ya unene wake. Nguvu ikapanda zaidi ya mara kumi. Nasifu matokeo, ila maji yale machafu tungeyamwaga wapi huku Rumonge, Burundi, ambako michikichi inapakana na Ziwa Tanganyika? Resini nayo ni ya kununua nje. Kwetu naona njia ya Staypak ndiyo ya kuanzia, japo haikubuniwa kwa kiini kilichojaa maji, sukari na wanga, kinachoota ukungu siku chache baada ya mti kukatwa. Kabla ya mashine, tunahitaji tanuri la kukaushia.