Utoto katika nyumba ya Kiswahili, Dar es Salaam

Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati na vyumba vinavyotazamana, aghalabu sita. Mbele kuna baraza, nyuma uani penye jiko, choo na bafu vya pamoja. Kariakoo, Ilala na Magomeni zilijengwa kwa mtindo huu. Familia za makabila na dini mbalimbali zilipanga chumba kimoja kimoja, na ndimo watoto wengi wa jiji walimokulia katika karne ya 20.

Chumbani mtoto alilala tu. Mchana alishinda uani. Mama mmoja akienda sokoni, mwenzake aliyebaki akipepeta mchele kwenye ungo ndiye aliyewaangalia wote, akawaogesha na kuwatuma dukani. Mtundu alichapwa na mpangaji yeyote aliyemfumania, na akienda kushtaki kwa mama yake aliongezwa. Kwa kuwa Mzaramo, Mnyamwezi na Mngoni walichangia jiko, Kiswahili kilikuwa lugha ya kwanza ya watoto wao hata pale wazazi walipozungumza kilugha chumbani. Jioni palikuwa na michezo ya rede na kombolela, na hadithi za bibi. Msongamano nao ulikuwa na adha yake: kipindupindu kikiingia chooni kilienea nyumba nzima.

Shule ndiyo iliyougusa utoto huu mapema zaidi. Awali msichana wa Kizaramo aliyevunja ungo aliwekwa ndani miezi mingi, akifundwa na somo wake. Elimu ya msingi ilipofanywa ya lazima katika miaka ya 1970, mafunzo hayo ya unyago yalifupishwa, mara nyingi yakasubiri likizo.

Badiliko kubwa zaidi ni ukuta. Jiji lililokuwa na watu takriban 270,000 mwaka 1967 lilihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022, na waliojaliwa kiwanja Kimara, Tegeta au Mbagala walijenga nyumba za familia moja, zenye uzio na geti. Humo mtoto hubaki na dada wa kazi, mara nyingi binti mdogo kutoka kijijini, na televisheni, iliyoanza Tanzania Bara mwaka 1994. Faragha imepatikana, ila jicho la jirani limepotea, na hasara hiyo haizungumzwi vya kutosha. Maghorofa ya Magomeni Kota, yaliyozinduliwa 2022 kwa kaya 644, yameongeza swali jingine: anayepika ghorofa ya juu atamwangaliaje mtoto anayecheza chini? Tandale na Manzese vyumba vya kupanga bado vimejaa, na uani bado ndiko watoto wanakoshinda.