Muundo wa jeshi la Kijerumani katika Afrika ya Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza

Schutztruppe (tamka: shuts-trupe; maana yake "jeshi la ulinzi") lilikuwa jeshi la Dola la Ujerumani katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanzania bara, Rwanda na Burundi za leo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918) jeshi hili halikupangwa kama majeshi ya Ujerumani yaliyopigana Ulaya. Msingi wake ulikuwa kombania moja inayoweza kusafiri, kula na kupigana peke yake. Muundo huu ulisaidia jeshi dogo kuendelea na vita kwa miaka minne, lakini mzigo wake mkubwa ulibebwa na wapagazi na wakulima.

Katika Mkoa wa Mara wa leo jeshi hili lilikuwa na vituo Ikoma, Shirati na Musoma. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya wilaya ya Mwanza (Kijerumani: Muansa) na lilipakana na eneo la Waingereza, ambalo sasa ni Kenya.

## Asili

Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alitumwa na serikali ya Ujerumani kukandamiza upinzani wa watu wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim. Askari wake wengi walikuwa Wasudani walioandikishwa nchini Misri, pamoja na watu kutoka kusini mwa Msumbiji walioitwa "Wazulu". Mwaka 1891 kikosi hicho kilifanywa rasmi kuwa jeshi la dola. Baadaye askari wengi zaidi waliandikishwa ndani ya koloni, hasa Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema.

Urithi wa Wasudani ulionekana katika majina ya vyeo. Askari wa kawaida aliweza kupanda kuwa ombasha, kisha shaushi, betshaushi na sol. Majina haya yalitoka katika jeshi la Misri, ambalo lilikuwa limeyapata kutoka Kituruki. Waafrika wachache walifikia cheo cha efendi, lakini hata efendi hakuwa juu ya ofisa wa Kijerumani. Neno "afande" la Kiswahili cha leo lina asili hiyohiyo. Amri za gwaride zilitolewa kwa Kijerumani, ila lugha ya mazungumzo kambini ilikuwa Kiswahili.

## Tofauti na jeshi la Ulaya

Mwaka 1914 jeshi la Ujerumani huko Ulaya liligawanywa katika kori. Kori moja ilikuwa na divisheni mbili. Kila divisheni ilikuwa na brigedi mbili za askari wa miguu, kila brigedi rejimenti mbili, kila rejimenti batalioni tatu, na kila batalioni kombania nne. Hivyo kori moja ilikuwa na karibu kombania 100 za askari wa miguu, na pamoja na mizinga, farasi na huduma zote ilifikia watu 40,000 hivi. Ilitegemea reli kwa chakula na risasi.

Katika Afrika ya Mashariki jeshi zima la amani lilikuwa na kombania 14 tu. Hata lilipokuwa kubwa kabisa halikufikia ukubwa wa kori moja ya Ulaya. Tena halikuwa chini ya makao makuu ya jeshi mjini Berlin bali chini ya Ofisi ya Makoloni ya Dola, na ndani ya koloni mkuu wake alikuwa gavana. Hali hiyo ilileta mvutano vita vilipoanza. Gavana Heinrich Schnee alitaka kuepusha koloni na vita, lakini kamanda wa jeshi, Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyefika Januari 1914, alitaka kuwalazimisha Waingereza kuleta askari wengi Afrika ili wasipelekwe Ulaya. Hatimaye mpango wa Lettow-Vorbeck ndio uliofuatwa.

## Kombania za mwaka 1914

Kombania za kawaida ziliitwa Feldkompagnie, yaani kombania ya uwanja wa vita. Makao yake yalikuwa haya:

1. Arusha
2. Iringa na Ubena
3. Lindi
4. Kilimatinde na Singida
5. Masoko (karibu na Tukuyu)
6. Ujiji na Kasulu
7. Bukoba na Usuwi
8. Tabora
9. Usumbura (Bujumbura)
10. Dar es Salaam
11. Kisenyi (Rwanda)
12. Mahenge
13. Kondoa
14. Mwanza na Ikoma

Jumla yake ilikuwa askari wapatao 2,500 na Wajerumani zaidi ya 200. Kando yake kulikuwa na polisi Waafrika zaidi ya 2,000 waliokuwa chini ya maafisa wa wilaya. Orodha hii inaonyesha kwamba jeshi lilitawanywa ili kuwadhibiti wenyeji kuliko kulinda mipaka.

Kombania moja ilikuwa na askari kati ya 150 na 200, waliogawanywa katika platuni tatu, na Wajerumani 16 hadi 20, wakiwemo maafisa, maafisa wadogo na daktari. Ilikuwa pia na bunduki za rashasha mbili au zaidi, ambazo askari waliziita "bombomu". Kombania nyingi bado zilitumia bunduki za mtindo wa 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi mwingi na kumfichua mpigaji.

Kila kombania ilikuwa na wapagazi wake wa kudumu, mara nyingi zaidi ya 200. Wake na watoto wa askari, pamoja na maboi, waliifuata safarini, wakipika na kutunza kambi. Kombania ikihama, kijiji kizima kilihama.

## Kupanuka wakati wa vita

Vita vilipoanza Agosti 1914, aina nyingine za kombania ziliundwa:

- Kombania mpya za uwanja wa vita, zilizoendeleza namba baada ya 14.
- Kombania za wapiga shabaha (Schützenkompagnie), ambazo mwanzoni zilikuwa za walowezi na askari wa akiba Wajerumani. Baadaye Waafrika waliingizwa pia.
- Kombania za akiba, zilizokusanya askari wa zamani na polisi.
- Rugaruga, wapiganaji wasio wa jeshi la kudumu, walioletwa mara nyingi na watemi. Jina hilo lilijulikana tangu vita vya Mirambo wa Unyamwezi katika karne ya 19.

Mabaharia wa manowari Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, waliingizwa jeshini pamoja na mizinga 10 ya meli hiyo. Mwanzoni mwa 1916 jeshi lilifikia kilele chake: kombania karibu 60, askari zaidi ya 11,000 na Wajerumani karibu 3,000.

Kwa kuwa hapakuwa na batalioni wala rejimenti, kombania kadhaa ziliunganishwa kwa muda chini ya kamanda mmoja. Muungano huu uliitwa Abteilung na kwa kawaida ulipewa jina la kamanda wake au la mahali. Ulikuwa na kombania mbili, tano au zaidi kulingana na kazi, na kazi ikiisha uliweza kuvunjwa. Juu ya miungano hiyo kulikuwa na kamandi za maeneo. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliongoza kaskazini, karibu na Kilimanjaro na reli ya Tanga. Magharibi iliongozwa kutoka Tabora na Meja Jenerali mstaafu Kurt Wahle. Huyu alikuwa amekuja koloni kumtembelea mwanawe vita vilipoanza, akakubali kufanya kazi chini ya mtu wa cheo kidogo kuliko chake.

## Wapagazi na chakula

Reli zilikuwa mbili tu: kutoka Tanga hadi Moshi na kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Eneo la Mara halikuwa na reli. Mzigo ulisafiri kwa maji hadi Mwanza, na kutoka Mwanza hadi Tabora ulibebwa kichwani. Kwenye njia kuu jeshi liliweka vituo vya chakula, kila kimoja mwendo wa siku moja kutoka kingine.

Tatizo la mpango huu linaonekana kwa hesabu rahisi. Mpagazi alibeba kilo 25 hadi 30. Akila kilo moja ya unga kwa siku, na safari ikichukua siku 10 kwenda na 10 kurudi, atakuwa amekula kilo 20 za mzigo wake. Hivyo askari mmoja wa mbali alihitaji wapagazi wengi nyuma yake. Njia pekee ya kupunguza idadi hiyo ilikuwa kuchukua chakula katika vijiji vya njiani. Jinsi vita vilivyoendelea, ndivyo pande zote mbili zilivyofanya hivyo zaidi.

Upande wa Waingereza kumbukumbu rasmi zinaonyesha vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi na njaa. Majina ya Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi yametokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Ugogo, ambako majeshi yalipita na kuchukua nafaka, ng'ombe na watu, ilipatwa na njaa kubwa inayoitwa Mtunya kuanzia 1917.

## Vita katika eneo la Mara

Kombania ya 14 ilikuwa na sehemu yake katika boma la Ikoma, ambalo magofu yake yako katika Wilaya ya Serengeti ya leo. Septemba 1914 kikosi kutoka upande wa Mwanza, kikiongozwa na Kapteni Bock von Wülfingen, kilivuka mpaka na kuingia Kisii. Tarehe 12 Septemba kilipigana huko na askari wa King's African Rifles, kisha kikarudi nyuma kuelekea mpaka.

Ziwani Waingereza walikuwa na meli nyingi zaidi. Hata hivyo Novemba 1914 meli yao Sybil iligonga mwamba karibu na Majita, kusini mwa Musoma, ikaachwa ufukoni hadi ilipookolewa Mei 1915. Januari 1915 Waingereza waliiteka Shirati, na Juni mwaka huo walishambulia Bukoba na kuharibu kituo cha redio.

Utawala wa raia nao ulifungamana na vita. Mwaka 1915 Wajerumani walimteua Nyerere Burito wa Butiama kuwa mtemi wa Wazanaki. Waingereza walipochukua nchi walimwacha katika cheo hicho. Mwanawe Julius Kambarage Nyerere, rais wa kwanza wa Tanganyika, alizaliwa 1922.

Juni 1916 Waingereza waliteka Ukerewe, na tarehe 14 Julai wakaingia Mwanza. Wajerumani waliondoka kuelekea Tabora, mji uliotekwa na Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Baada ya hapo kamandi ya magharibi ilirudi kusini.

Lakini vita vilirudi Mara mwaka uliofuata. Februari 1917 Kapteni Max Wintgens alijitenga na jeshi kusini na kuelekea kaskazini pamoja na kikosi chake. Alipougua alijisalimisha mwezi Mei, na Luteni Heinrich Naumann akachukua uongozi. Kikosi kilipita mashariki mwa ziwa na kufika Ikoma mwezi Juni, ambako kilipigana na askari wa Kibelgiji. Naumann alijisalimisha mwanzoni mwa Oktoba 1917 katika eneo la Kondoa. Kikosi hiki hakikuwa na njia ya chakula nyuma yake, kwa hiyo kiliishi kwa kuchukua nafaka na mifugo ya watu katika nchi kilizopita. Hapo nguvu ya muundo wa kombania inayojitegemea ilionekana wazi, na vilevile gharama yake kwa wananchi.

## Mwisho

Baada ya mapigano makali ya Mahiwa, karibu na Lindi, Oktoba 1917, Lettow-Vorbeck aliwaacha wagonjwa na askari wengi, akabaki na Wajerumani wapatao 300 na askari wapatao 1,700. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, alijisalimisha Abercorn (leo Mbala, Zambia) akiwa na Wajerumani 155, askari zaidi ya 1,100 na wapagazi wapatao 1,500. Vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha wiki mbili kabla.

Askari wengi walikuwa wanadai mishahara ya miaka ya mwisho ya vita. Mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa waliokuwa bado hai. Simulizi mashuhuri yasema kwamba wazee walikusanyika Mwanza, na kwa kuwa wachache tu walikuwa na hati, kila mmoja alipewa ufagio badala ya bunduki na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride, hakuna aliyeshindwa. Malipo hayo yalihusu askari. Sanamu ya Askari mjini Dar es Salaam, iliyosimamishwa na Waingereza mwaka 1927, inawakumbuka askari Waafrika na wapagazi waliotumikia upande wa Waingereza, si wale wa jeshi la Kijerumani.