Kuku Wanavyotayarisha Ardhi ya Kupanda Miti

Wakazi wa Dagoretti, Uthiru na Kabete, magharibi mwa jiji la Nairobi, wanaotaka kupanda miti katika ploti zao wanaweza kuwatumia kuku wa kienyeji kuondoa magugu na kurutubisha udongo kabla ya mvua ya masika. Katikati ya jiji nafasi hiyo haipo.

Kuku huchakura ardhi wakila mbegu, majani machanga, viwavi na mchwa, adui mkubwa wa miche. Kinyesi chao kina naitrojeni nyingi. Kuku 10 hutosha katika kizimba chepesi kisicho na sakafu, chenye upana wa mita 2 na urefu wa mita 3, kinachosogezwa kila udongo unapobaki wazi. Wavu wa juu ni lazima, kwani mwewe wa Nairobi hawana haya.

Hata hivyo, kuku hawawezi kulimaliza gugu la sangari, au thangari kama linavyoitwa na wakulima wa Kabete. Majani yakiliwa, mashina yanayotambaa chini ya ardhi huchipuka upya na kuupokonya mche maji na chakula. Ni sharti mashina hayo yachimbuliwe kwa jembe la meno na kuanikwa juani hadi yakauke kabisa. Kuku wakiachiliwa nyuma ya mchimbaji, huokota viwavi waliofukuliwa.

Mbolea mbichi nayo huunguza mizizi. Kwa hivyo, kuku waingizwe shambani Desemba na kuondolewa mwishoni mwa Januari, ili mbolea ioze kabla ya miche kupandwa Aprili, udongo ukiwa umelowa.

Baada ya kupanda ndipo wengi hupata hasara. Kuku yule yule aliyesifiwa Januari huufukua mche akitafuta wadudu katika udongo laini wa shimo. Kila mche uzungushiwe wavu wa waya hadi shina likomae, la sivyo kuku wafungiwe.

Sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 ilitambua kilimo cha mjini na kukiwekea masharti, hivyo majirani wasisumbuliwe kwa harufu. Aidha, kuku wachanjwe dhidi ya kideri mapema. Mbegu za miti hupatikana katika Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI) iliyoko Muguga, mbele kidogo ya Kikuyu.