Kodiani ya Vuta-Sukuma

Kodiani ndogo ya vifungo, ambayo hapa Bukavu, kwa athari ya Kifaransa, aghalabu huitwa akordeo bila ya kubainishwa ni ya namna gani, ina sifa moja iliyo roho yake, na sifa hiyo haidhihiriki kabisa katika istilahi ya wataalamu, diatoniki. Neno hilo la asili ya Kiyunani lahusu ngazi ya sauti saba, zile ambazo waimbaji wa kwaya huzijua kwa majina ya do, re, mi, fa, sol, la, si, pasi na nusu-sauti tano zilizo baina yake. Ni fasili sahihi. Lakini mnunuzi wa sokoni Kadutu ataipata maana siku atakapobonyeza kifungo kimoja na kusikia kwamba mvukuto ukisukumwa chasema do, na ukivutwa chasema re.

Siri i ndani ya ubao, ambamo kwa kila kifungo zimefungwa ndimi mbili za chuma, mmoja hulizwa na pumzi itokayo na wa pili na pumzi iingiayo. Katika kodiani kubwa ya kibodi, kama zile zipigwazo katika taarabu za Unguja, ndimi hizo zimelinganishwa ziwe sauti moja, ilhali katika hii ndogo zimetofautishwa kwa makusudi, hata vifungo 10 vya safu moja vikatoa sauti 20, japo baadhi hujirudia. Wala si upungufu wa ala duni: Cyrill Demian wa Vienna, aliyeiandikisha ala yake mwaka 1829, aliiunda vivyo hivyo, kila kifungo kikitoa mwafaka mmoja wa sauti kadhaa kwa kusukuma na mwingine kwa kuvuta.

Kwa hiyo napendekeza tuseme kodiani ya vuta-sukuma, na diatoniki tumwachie mwalimu wa nadharia. Kwani jina hili humfundisha mpigaji, kabla hajaishika ala, kwamba mkono wa kushoto, uendeshao mvukuto, ndio uchaguao sauti pamoja na vidole vya kulia. Na humo ndimo ilimo ladha yake: mvukuto ugeukapo mara kwa mara, wimbo hukatika na kupumua kwa mapigo ambayo miguu ya wachezaji huyaitika yenyewe. Aliyezoea lulanga, ile ala ya nyuzi chache ya jamii ya Bashi, hataudharau uchache wa sauti za kodiani hii, ingawa nyimbo zihamazo ngazi katikati zitamshinda mpigaji wa safu moja, naye itambidi atafute ya safu mbili, yenye vifungo 21 upande wa kulia na 8 vya besi.

Katika kuchagua, kwanza uimbe, ujue ngazi ikufaayo kooni, kwa kuwa ala hii haitakufuata wewe. Kisha uining'inize kwa mkanda bila ya kubonyeza kitu. Mvukuto ukishuka upesi kwa uzito wake, unavuja. Jaribu kila kifungo pande zote mbili, maana ulimi mmoja waweza kuwa mzima na mwenziwe bubu. Usiiache juani, kwani katika nyingi ndimi hushikizwa kwa nta. Na muuzaji akikwambia ni akordeo tu, usitoe fedha kabla hujamwuliza: je, mvukuto ukivutwa, kifungo hiki kinasema lile lile kisemalo ukisukumwa?